Mawingu yanajikusanya kila alasiri, mvua hainyeshi: je, jua limetusogelea?

*"Shikamoo mtaalamu. Naishi Kibaha, Mkoa wa Pwani. Vuli ilipita na manyunyu tu, mahindi yalikauka yakiwa usawa wa goti, na sasa tuko Februari na joto halivumiliki. Kila siku kuanzia saa nane mchana mawingu yanajikusanya, ngurumo tunazisikia, tunaanua nguo, halafu ikifika saa kumi na mbili anga ni jeupe. Usiku ndani ni fukuto tupu, tunalala mlango wazi. Kuna ujumbe unasambaa WhatsApp kwamba jua limesogea karibu na dunia kwa sababu ya ikwinoksi, joto litafika nyuzi 40 na tusitoke nje kuanzia saa sita hadi saa tisa. Wazee wa hapa wanasema joto likizidi hivi mvua iko karibu. Jirani yangu anasema ni sisi wenyewe, tumemaliza miti kwa mkaa. Simu yangu inaandika nyuzi 32, lakini chini yake inaandika 'unahisi 41'. Nishike ipi? Nina mama yangu wa miaka 74 ambaye ana presha na anatumia vidonge, na mtoto wangu wa miezi minne ametoka harara shingoni na mgongoni. Nyumba yetu ni ya bati bila dari. Mama nimpeleke Lushoto kwa kaka yangu? Na shamba nimeshalisafisha, mbegu ninazo. Nipande au nisubiri?"*

Marahaba, dada. Pole na vuli iliyokatika, na pole na usiku huo wa mlango wazi. Umeuliza mengi, lakini nyuma yake naona wasiwasi mmoja: kwamba pengine kuna kitu kimeharibika huko juu, kitu ambacho hakijawahi kutokea, na kwamba mama na mtoto wako katikati yake. Kuhusu anga nina habari za kukutuliza. Kuhusu mama nina ya kukuhimiza, nayo nitayafikia.

Hofu ya jua tuimalize mapema. Njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, kwa hiyo kila mwaka kuna wakati tunakuwa karibu nalo zaidi, mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, na wakati tunakuwa mbali zaidi, mwanzoni mwa Julai, kama kilomita milioni 152. Mwanga wa jua unaotufikia Januari una nguvu kuliko wa Julai kwa asilimia 7 hivi. Hilo hutokea kila mwaka bila kukosa, miaka ya njaa na miaka ya mafuriko. Na Ulaya wanaungua kwa joto mwezi Julai, wakati dunia nzima iko mbali kabisa na jua. Kwa hiyo umbali hauwezi kuwa sababu ya wiki hizi mnazoteseka.

Ikwinoksi nayo ni siku ambayo jua linapita wima juu ya mstari wa ikweta, Machi 20 au 21 na tena Septemba 22 au 23. Siku hiyo saa sita mchana jua liko utosini mwa watu wa Nanyuki, kule Kenya, na Nanyuki wanavaa masweta kwa sababu wako juu milimani. Kwenu Kibaha jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Kwa hiyo ni kweli kwamba sasa hivi jua la mchana linapiga wima, na kukaa kivulini kuanzia saa sita hadi saa tisa ni jambo jema. Ni jema kila kiangazi. Ujumbe uliouona umechukua ushauri wa maana ukaufunga na uongo, ndiyo maana unaaminika. Tahadhari ya kweli ya joto kali hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, nayo huwa na tarehe, mikoa inayohusika na muda wake. Ujumbe usio na tarehe unaweza kusambazwa tena mwakani ukiwa vilevile, na kweli husambazwa.

Sasa mawingu yenu ya saa nane.

Asubuhi jua linapasha ardhi, ardhi inapasha hewa iliyo juu yake, na hewa yenye joto hupanda. Ikipanda inapoa, kama nyuzi 10 kwa kila kilomita moja, mpaka mvuke uliomo ndani yake unaanza kugeuka vitone. Hapo ndipo mnaona wingu jeupe lenye kitako bapa. Ili wingu hilo lilete mvua ya maana, halina budi kuendelea kupanda kilomita nyingine nyingi. Katika miaka ambayo vuli inakatika, juu yetu kunakuwa na hewa inayoshuka taratibu kutoka juu sana. Hewa ikishuka inabanwa, ikibanwa inapata joto na kukauka. Matokeo yake ni tabaka la hewa ya moto na kavu lililotanda kilomita chache tu juu ya vichwa vyenu, kama kifuniko juu ya sufuria. Wingu linapanda, linafika pale, linakuta hewa ya juu ina joto kuliko lenyewe. Likishakosa wepesi haliendi tena. Linatandaa, vitone vyake vinakauka, na jua linapoanza kuzama nguvu iliyokuwa inalisukuma kutoka chini inakwisha. Saa kumi na mbili anga ni jeupe, nanyi mmeanua nguo bure.

Ngurumo mnazozisikia ni za kweli. Sauti ya radi haisafiri mbali sana, kilomita 15 au 20 hivi, kwa hiyo mnapoisikia kuna wingu moja lililofaulu kupenya mahali karibu, pengine Mlandizi, na watu wa pale wamepata mvua ya dakika kumi. Umeme mnaouona usiku upande wa magharibi bila mlio wowote waweza kuwa wa Uluguru, zaidi ya kilomita mia moja kutoka kwenu. Milima ile inazidi meta 2,600; upepo ukiigonga hulazimika kupanda utake usitake, ndiyo maana kule hupata mvua hata siku ambazo nyinyi mnaambulia mawingu matupu.

Hewa hiyo inayoshuka inatoka wapi? Jibu liko Bahari ya Hindi na ng'ambo yake. Kuna miaka maji ya moto hujikusanya upande wa Indonesia, huku maji ya upande wetu yakiwa baridi kidogo kuliko kawaida. Hewa hupanda kule, kwenye maji ya moto, na kule ndiko mvua inakonyesha. Kilichopanda lazima kishuke mahali, na sehemu yake hushukia kwetu. Hali inayoitwa La Niña, ambayo chimbuko lake ni Bahari ya Pasifiki, huongeza nguvu ya mzunguko huo. Mwaka 2022 mambo hayo mawili yalikutana. Utakumbuka Oktoba ile: maji ya mto Ruvu yalishuka mpaka Dar es Salaam na Pwani tukaingia kwenye mgao wa maji. Kaskazini mwetu, Kenya ya mashariki na kaskazini, Somalia na kusini mwa Ethiopia, walikosa misimu mitano mfululizo kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022. Na mwaka 2019 bahari iligeuka, maji ya moto yakawa upande wetu, vuli ikaleta mafuriko. Wenye umri wangu hatujasahau mafuriko ya 1997.

Nimeyataja hayo ili uone ukubwa wa kinachoendelea, kwa sababu ya hoja ya jirani yako. Kuhusu miti ana haki ya kuumia moyo. Mti unaleta kivuli, unatoa mvuke unaopoza hewa, na misitu ya Uluguru ndiyo inayoshikilia maji ya Ruvu yasitiririke yote siku moja yakaisha. Mtaa wenye miembe na mtaa uliobaki mchanga mtupu havina joto sawa saa tisa mchana, unaweza kujaribu mwenyewe kwa kutembea. Lakini msimu mzima ukikatika kutoka Pwani hadi Somalia, chanzo chake si mkaa wa Kibaha wala wa Kisarawe. Pandeni miti kwa ajili ya kivuli, udongo na mto. Msijilaumu kwamba mmeifukuza vuli.

Kitu ambacho binadamu tumekiongeza kweli ni joto lenyewe. Mwaka 2024 wastani wa joto la dunia ulipita ule wa kabla ya zama za viwanda kwa takribani nyuzi 1.5. Inaonekana namba ndogo, lakini hewa yenye joto zaidi hunyonya maji ya udongoni haraka zaidi. Watafiti walioichunguza kiangazi ile ya 2020 hadi 2022 walihitimisha kwamba upungufu uleule wa mvua, katika dunia isiyo na joto hili, usingefikia kuwa ukame wa kiwango kile.

Hapo ndipo joto na ukame vinaposhikana mikono. Udongo ukiwa na maji, sehemu kubwa ya nguvu ya jua inatumika kuyageuza maji hayo kuwa mvuke. Hewa haipati moto wote. Udongo ukikauka kazi hiyo inakosekana na nguvu yote inabaki kupasha ardhi na hewa. Kwa hiyo vuli iliyokatika Novemba mnaendelea kuilipia Februari. Kule Dodoma jambo hili husukuma joto la mchana juu sana, lakini hewa yao ni kavu na usiku unapoa. Nyinyi mko karibu na bahari. Ardhi yenu ni kavu, ila hewa yenu inatoka juu ya maji ambayo mwezi huu yana joto la nyuzi 28 au 29 na yanaendelea kupanda hadi Machi au Aprili. Mnapata mabaya ya pande zote mbili: ukame wa bara na fukuto la pwani.

Na hilo ndilo jibu la simu yako. Namba zote mbili ni sahihi, zinapima vitu viwili. Nyuzi 32 ni joto la hewa lililopimwa kivulini, ndani ya kibanda cheupe chenye matundu, kimo cha mtu kutoka chini. Ile 41 ni hesabu inayojumlisha unyevunyevu, kwa sababu mwili haupoi kwa kutoa jasho. Unapoa jasho linapokauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote mwilini inaondoa joto ambalo mtu aliyetulia hulitengeneza kwa saa sita au saba. Jasho linalodondoka sakafuni haliondoi chochote cha maana. Hewa ikiwa na unyevunyevu wa asilimia 70 jasho halikauki upesi, na nyuzi 32 zinaulemea mwili karibu sawa na nyuzi 41. Kwa mtu wa kubeba ndoo, wa bodaboda, na kwa mama yako, ishike namba kubwa. Na ujue kwamba hata hiyo imehesabiwa kwa mtu aliye kivulini. Juani ongeza nyingine kadhaa.

Wazee wenu sitawapinga, ila nitawaongezea. Fukuto la Februari na Machi hutangulia masika kwa sababu vyote viwili vinaletwa na kitu kimoja: jua linarudi kutoka kusini na kuuvuta ukanda wa mvua uliokuwa Msumbiji na Madagaska. Walichokiona miaka yote ni sahihi, joto huja kwanza, mvua hufuata. Lakini joto haliivuti mvua, wala kuzidi kwa joto si ahadi kwamba itanyesha wiki ijayo. Ningependa mtazame upepo. Kaskazi ikiwa bado inavuma kila siku, ikipita sambamba na mwambao bila kuingia bara na unyevu wake, masika bado. Ikianza kulegea, ikaja siku ya shwari, ikaja siku upepo unatoka kusini-mashariki na mawingu yanaingia asubuhi kutoka baharini badala ya kuota alasiri, hapo mambo yanageuka. Hata hapo, kimbunga kikitokea upande wa Msumbiji kinaweza kuvuta unyevu wote kwake. Machi 2019, kimbunga Idai kilipoipiga Beira, masika yetu yalichelewa wiki kadhaa na wengi waliopanda kwa kalenda walipoteza mbegu.

Kwa hiyo shamba lisubiri. Usipande kwa mvua ya kwanza. Katika joto hili ardhi na mimea vinaweza kupoteza kama milimita tano za maji kwa siku, maana yake mvua ya milimita kumi, ambayo machoni inaonekana kubwa, imeisha keshokutwa, na mbegu iliyochipua inakufa ikiwa na majani mawili. Baada ya mvua chimba kwa jembe: kama unyevu umefika kina cha kiganja kilichonyooshwa, kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole, na utabiri wa siku kumi zinazofuata unaonyesha mvua, panda. Kama udongo umepauka chini ya vidole viwili, acha. Ningekushauri pia usiweke mbegu zote kwenye mahindi. Choroko na kunde hukomaa mapema, na mtama huvumilia pale mahindi yanapokata tamaa. Aina ipi ya mbegu inafaa udongo wako, muulize afisa ugani wa kata yako aje alione shamba. Hilo siwezi kuliona kutoka hapa. Kuhusu maji ya bomba, elewa kwamba Ruvu inajazwa na Uluguru. Mvua nzuri inaweza kunyesha Kibaha siku tatu na mgao ukaendelea, kwa hiyo ikianza kunyesha weka mapipa chini ya mapaa na usimwage akiba yako.

Sasa usiku wenu, ambao kwangu mimi ni mzito kuliko nyuzi 40 za kwenye WhatsApp. Watu huogopa mchana. Mimi nikitazama takwimu za wiki ya joto naangalia kwanza kiwango cha chini cha usiku, kwa sababu usiku ndio mwili unapopumzisha moyo uliokuwa ukisukuma damu kwenye ngozi mchana kutwa. Bahari ikiwa na nyuzi 29, hewa ya nje haiwezi kushuka sana, inaishia 25 au 26 alfajiri. Nyumba ya bati na tofali iliyokusanya joto mchana inalirudisha ndani usiku, na chumba kinaweza kukaa juu ya nyuzi 30 hadi saa nane za usiku. Usiku mmoja kijana anauvumilia. Siku kumi mfululizo, moyo wa mtu wa miaka 74 mwenye presha unakuwa umefanya kazi bila mapumziko. Madhara ya joto kwa wazee mara nyingi huja hivyo, siku ya tano au ya saba, wakati kila mtu anasema tumeshazoea.

Bati lililopigwa na jua la mchana linaweza kuzidi nyuzi 60, na bila dari joto hilo linamulika moja kwa moja juu ya kitanda. Dari ndiyo dawa ya kudumu, hata ya plaiwudi, mradi kuwe na matundu ya kutolea hewa pembeni, chini ya paa. Bila matundu joto linabaki limefungiwa humo. Kama fedha haipo, paka bati rangi nyeupe. Inasaidia sana kuliko watu wanavyodhani, ingawa vumbi hupunguza nguvu yake na itahitaji kuoshwa na kurudiwa. Mkikinga maji ya kunywa kutoka paa hilo, nunua rangi isiyo na risasi. Kuna watu huweka makuti juu ya bati. Yanapoza kweli, lakini nyumba zikibanana cheche moja ya jirani ni msiba, kwa hiyo mimi sikushauri. Mchana funika kwa pazia zito madirisha yanayopigwa na jua, usiku fungua pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite. Feni inafaa maadamu hewa ya chumbani haijakaribia nyuzi 40; ikifika huko inampulizia mtu moto. Saa za mchana mhamishie mama chini ya mwembe au barazani penye kivuli, na khanga mbichi mabegani na shingoni. Ngozi ya wazee hutoa jasho kidogo, kwa hiyo maji ya kwenye khanga yanafanya kazi ambayo jasho lingefanya. Jioni kabla ya kulala aoge maji ya kawaida, asijikaushe sana, akae mbele ya feni.

Na mlango ulio wazi usiku: chandarua. Najua ndani ya chandarua hewa inapungua, na ndiyo sababu wengi huvitoa Februari. Msivitoe. Mtoto wa miezi minne akipata malaria ni hatari kubwa kuliko fukuto.

Lushoto ni wazo zuri kwa upande wa hewa. Mji ule uko kwenye meta 1,400 hivi. Kwa kupanda huko unatarajia upungufu wa nyuzi nane au tisa, na usiku atahitaji blanketi. Kinachonipa shaka ni njia. Basi la mchana lenye madirisha yanayofunguliwa nusu, saa kadhaa, mzee asiyekunywa maji kwa kuogopa kuomba basi lisimame, hilo linaweza kumuumiza kuliko wiki nyingine Kibaha. Nikiwa mimi ningempeleka, lakini kwa gari linaloondoka alfajiri, na chupa yake ya maji, na vidonge vya kutosha mwezi mzima, na baada ya kuhakikisha kaka yako anajua zahanati iliyo karibu inayopima presha. Asipoweza kusafiri hivyo, abaki, mrekebishe chumba.

Vidonge ndiyo sababu nyingine ya kuonana na daktari kabla ya safari. Mimi ni mtu wa hali ya hewa, si daktari, ila hili madaktari wanalisisitiza kila kiangazi: baadhi ya dawa za presha humfanya mtu akojoe sana, na katika joto hili anaweza kupungukiwa maji na chumvi bila kujua. Asiache dawa mwenyewe, na asipunguziwe na mtu yeyote nyumbani. Daktari ndiye aamue, na ndiye aseme anywe maji kiasi gani, maana wenye matatizo ya moyo au figo hupewa kiwango chao.

Mtoto wa miezi minne hahitaji maji, hata katika joto hili. Maziwa yako yanamtosha. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mwenyewe ndiye unywe maji kwa wingi. Harara inatokana na vitundu vya jasho kuziba, kwa hiyo mpunguzie nguo, mwogeshe maji ya kawaida, usimpake mafuta mazito wala poda kwenye mikunjo. Vipele vikianza kutoa usaha, au akipata homa, akakataa ziwa, au nepi ikakaa kavu kwa muda wa saa sita, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Homa yoyote apimwe malaria. Msiseme ni joto tu.

Kwa mama, dalili za mwanzo ni kizunguzungu akisimama, kichwa kuuma, misuli kukaza, mkojo mchache na mweusi kama chai. Hapo mlaze penye ubaridi, mloweshe, mpe maji kidogokidogo, na kama hajapata nafuu ndani ya saa moja nendeni hospitali. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, akashindwa kukutambua, akapata degedege au akazimia huku mwili ukiwa wa moto, hiyo ni dharura, awe anatoka jasho au hatoki. Anza kumpoza palepale: mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, muwekeeni vitambaa vya maji baridi shingoni na kwapani, na mwendelee kumpoza ndani ya gari njiani. Paracetamol haisaidii joto la namna hii, na usimnyweshe kitu mtu ambaye hajitambui.

Usisubiri yafike huko. Mpeleke kituo cha afya wiki hii hata kama anasema yuko sawa, mtoke nyumbani kabla ya saa tatu asubuhi, na vidonge vyake vyote uviweke kwenye mfuko mmoja ili daktari avione kwa macho yake.